Fulana ya Leonidas Iliyogeuzwa

Jumatatu, 4 Mei
Leonidas wangu kakesha tena. Lakini mapafu gani yale! Watoto wa wenzangu wanalia kama paka. Wangu ana sauti ya padri. Miezi mitano tu! Wilfrido, mume wangu, kaenda shamba la ndizi na kiatu chake mguu mmoja, changu mguu wa pili. Bombani nikamkuta Nereida wa ng'ambo ya mto. Ananiambia mtoto wake Anabel akilazwa ni gogo mpaka asubuhi. Nikajibu wangu hulala kuliko gogo, mpaka aamshwe na jogoo. Ulimi huu! Ila nilisema vizuri.

Jumanne, 5 Mei
Mvua na upepo. Bati la Nereida limeng'oka, na mumewe yuko mjini. Jikoni kwake atavumilia siku mbili tu, kaomba yeye na Anabel walale kwetu Alhamisi. Tena mbele ya watu: "Nami nikamwone huyo mtoto wa jogoo, shoga." Bomba zima likacheka. Nikasema karibu, nyumba ni yako. Jumapili ni ubatizo. Nitambebaje mwanangu hadi kanisani nikiitwa mwongo?

Jumatano, 6 Mei
Dawa ipo, kila mama wa hapa anaijua. Mtoto akigeuza usiku kuwa mchana, naye anageuzwa: fulana ndani nje, kichwa kinawekwa miguu ilipokuwa. Nitamgeuza kesho, kimyakimya. Mama mkwe, Doña Tomasina, tunayekaa naye, asijue. Keshatangaza kwamba ukoo wangu ni popo watupu, hakuna anayelala. Popo! Wivu tu, kwa sababu Leonidas kachukua pua yangu.

Alhamisi, 7 Mei
Nereida kafika na Anabel, na mto wake wa kulalia. Nikampikia mihogo na soseji ya salami, ale ashibe, alale fofofo. Umeme ukakatika. Bahati hiyo! Nikapapasa gizani, nikageuza fulana, nikamgeuza mtoto. Hakuna aliyeniona. Wanawake wenye akili hatutangazi.

Ijumaa, 8 Mei
Aibu na utukufu, vyote kwa pamoja. Leonidas alilia mpaka mbwa wa ng'ambo wakajibu. Kulipokucha mama mkwe akanikemea: kwa nini analia, na yeye mwenyewe alimgeuza? Wilfrido akajikuna kichwa, akasema hata yeye alimgeuza, fulana na kila kitu, ila hakutaka kutusumbua. Kumbe gizani kila mmoja alipita kwa zamu yake! Nikahesabu: mimi, mama mkwe, Wilfrido. Watu watatu, basi bado kageuka, mbona hakulala? Ndipo Nereida akasema kwa sauti ndogo kwamba alimhurumia mtoto, naye akamgeuza. Wanne! Mtoto kazungushwa mpaka karudi alikoanzia.

Nikamuuliza yeye dawa hiyo kaijulia wapi, na Anabel wake ni gogo? Na hapohapo gogo likaamka, likapiga yowe, tena yowe zito la mazoea. Nereida akaniangalia. Nikamwangalia. Tukacheka mpaka kahawa ikamwagika. Kaniambia, "Shoga, sijalala tangu nijifungue." Maskini. Lakini Leonidas analia kwa sauti zaidi. Nilimwambia.

Jumapili, 10 Mei
Ubatizo! Padri kamwaga maji, kwaya imeimba, kengele imelia, na Leonidas wangu kalala fofofo mchana kweupe, anakoroma. Kanisa zima likageuka. Nikanyoosha shingo kama tausi. Nikawaambia wote mlangoni: si niliwaambia analala? Nereida akakohoa, lakini hakunichoma, Mungu ambariki. Kisha shangazi yake Wilfrido akauliza kama mtoto ameanza kukaa. Kukaa! Nikamjibu kukaa ni mambo ya zamani, Leonidas anatembea, tena anakimbilia milango. Wote wakasema watakuja Jumamosi kumwona. Nereida analeta kiti chake.

Nimemsimamisha jioni hii. Kaanguka kwa heshima sana. Ana siku sita za kujifunza, na akili ni ya mama yake.