Andiko la Shule la Lucius Broadnax

Lucius Broadnax alikuwa akijisifu, kila alipopata mtu wa kumsikiliza na kitu cha kutafuna, kwamba tangu azaliwe hajafanya kazi ya halali hata siku moja, na kwamba siku ya kuzikwa kwake mikono yake itakuwa laini kama ya mtoto mchanga. Sisi watu wa Bellhaven, kusini mwa Memphis, tulimwamini. Alikuwa na suti ya rangi ya karameli, na sauti ya mtu anayekusomea wosia ambao jina lako limo. Kabla ya haya ninayosimulia alikuwa akiuza viwanja vya makaburi vyenye kivuli. Kivuli kilikuwepo kweli. Viwanja ndivyo vilivyokuwa na wenyewe.

Mwaka ule shule yetu ya mtaa ilikuwa imefungwa. Watoto wakawa wanapanda basi la njano kabla jua halijachomoza, wanavushwa mji mzima, wanarudi wamelala midomo wazi. Kila mzazi alilalamika. Lucius hakuwa na mtoto wala malalamiko, lakini siku moja kwa kinyozi alisoma gazetini kwamba bodi ya elimu inapokea maandiko ya watu wanaotaka kufungua shule za mkataba. Mtu mwingine angeiona shule. Lucius alimwona Shemasi Roosevelt Tubbs, aliyekuwa kiti cha pili, povu hadi masikioni.

Shemasi Tubbs ni mtu ambaye sahani ya sadaka ikimpitia, huweka noti na kuchukua chenji.

"Shemasi," Lucius akasema, "ule ukumbi wako wa kuteleza kwa viatu vya magurudumu bado unafuga panya?"

"Panya wamehama. Wamesema paa linavuja."

"Basi nimekupatia mpangaji asiyehama."

"Nani?"

"Serikali."

Povu likatulia. Lucius akasogeza kiti na kumweleza taratibu, kama anavyolishwa mgonjwa uji. Watu wa mtaa wanaandika andiko. Bodi ya elimu ikiridhika inawapa mkataba, na kwa fedha za umma wanaendesha shule wenyewe. Shule haikai hewani, inakaa kwenye jengo. Jengo lina mwenyewe. Mwenyewe anakula kodi mpaka wajukuu.

"Na wewe unakula nini hapo?"

"Mimi ni mwandishi tu. Nilipe nusu leo, nusu siku mkipewa mkataba."

Mpango wa Lucius ulikuwa mfupi na safi: achukue nusu ya kwanza, apande basi la kwenda popote. Lakini bahili si mtu wa kumtapeli kwa haraka. Shemasi alimpa kijisehemu tu, akasema atampa kingine akiiona bodi ya shule, yaani watu watakaoisimamia, kingine akiliona andiko. Ikabidi Lucius atafute bodi.

Andiko lenyewe tayari alikuwa nalo. Lilikuwa la shule moja ya Arizona; alilipata wapi, tumwachie Mungu. Alifuta jina la shule ile, akaandika Bellhaven, akafunga jalada. Kazi yote ilimchukua muda wa kunywa kahawa. Kuhusu bodi, alitaka watu wa kutikisa kichwa tu. Na nani anatikisa kichwa kuliko wahudumu wa milango wa kanisa letu la New Gilead? Wamama wale huvaa glovu nyeupe, husimama ukutani ibada nzima, na kila mchungaji akitamka neno, wanatikisa. Kiongozi wao ni Mama Earlene Stigall, mwembamba, mpole, anayekuita "mwanangu" hata kama una mvi.

Jumapili iliyofuata Lucius akaomba nafasi ya kushuhudia. Akapewa. Akasimama mbele ya madhabahu, akaweka mkono kifuani, akanguruma:

"Ndugu zangu, kipaji cha kuandika nilichopewa sikiuzi. Nakitoa bure kwa watoto wa Bellhaven, mpaka siku watakapoingia darasani."

"Amina," kanisa likasema.

Hapo ndipo alipokosea, na hakujua, maana Lucius alilelewa Chicago na nyanya aliyekuwa akishinda Jumapili kitandani. Kwetu New Gilead, neno likisemwa kwa kusimama mbele ya madhabahu na kanisa likaitikia amina, hilo si hotuba. Ni ahadi. Karani wetu, Dada Vernice Oglesby, huisoma kila Jumapili, kabla ya matangazo ya wagonjwa, mpaka itimie. Kuna marehemu wawili ambao bado wanasomwa, kwa ajili ya zulia waliloahidi.

Basi Jumapili ya pili, Dada Vernice akasimama na miwani yake ya mnyororo. "Ndugu Lucius Broadnax. Andiko la shule, bure, mpaka watoto waingie darasani. Bado."

Lucius akatabasamu na kuinamisha kichwa, akidhani anapongezwa.

Jumatatu Shemasi Tubbs alimfuata hadi mlangoni. "Kumbe ni bure?"

"Yale yalikuwa maneno ya kanisani tu, Shemasi."

"Ndiyo maana nauliza. Mimi ni shemasi. Nikikulipa kitu ulichomtolea Mungu bure, nitakuwa nakusaidia kuiba sadaka. Dhambi hiyo siiwezi."

Akaondoka mwepesi, kama mtu aliyeokoka mara ya pili siku hiyo hiyo.

Lucius angeweza kuondoka mjini. Lakini aliona uchungu kuacha mradi ambao ameshauzungumza vizuri namna ile, na akapiga hesabu nyingine: kama malipo yamekufa, kodi iko hai. Akamrudia Shemasi wakakubaliana, kwa kushikana mikono nyuma ya ukumbi, kwamba kodi ya shule ikianza kuingia, theluthi itakuwa ya Lucius. Shemasi alikubali haraka mno. Mtu aliyezoea kutapeliwa angeshtuka.

Wamama wa glovu walikubali kuwa bodi, na kikao chao cha kwanza kilifanyika ukumbi wa chini wa kanisa. Palikuwa na kuku wa kukaanga, maharage mabichi, keki ya karameli. Lucius akagawa andiko, akatoa kalamu, akasema, "Wamama, mtaweka saini pale mwisho tu."

"Tutasoma kwanza," Mama Earlene akasema.

"Kurasa ni nyingi, Mama."

"Na kuku ni wengi, mwanangu. Kaa."

Walisoma kwa sauti, kila mmoja ukurasa wake. Walipofika wa tatu, Mama Earlene akainua kidole chenye glovu.

"Hapa panasema watoto watafundishwa kuishi kwa amani na nge."

"Nge hapo ni mfano wa nidhamu."

"Na huu mlima wenye theluji, nyuma ya uwanja wa michezo?"

Lucius akanywa maji. Memphis ni tambarare. Kitu kirefu kuliko vyote nyuma ya ukumbi wa Shemasi ni rundo la matairi.

"Mlima ni maono, Mama. Pasipo maono watu huangamia."

"Amina. Natoa hoja andiko lirudi kwa mwandishi, aende akaangalie nyuma ya ukumbi kuna nini."

"Naunga mkono hoja," akasema wa pembeni yake, mdomo umejaa keki.

Glovu zote zikapanda juu.

Ikawa ndiyo maisha yake. Analeta andiko, linasomwa, hoja inatolewa, linarudi. Waliuliza umeongea na mzazi gani. Waliuliza mtoto asiyeona vizuri atakaa wapi, na yule mwenye kiti cha magurudumu atapandaje ngazi. Waliuliza wakija nusu tu ya watoto, walimu watalipwa na nini.

"Watakuja wote, Mama," Lucius akasema.

"Natoa hoja."

Na kila Jumapili, Dada Vernice na miwani yake: "Bado." Neno likamwandama mitaani. Kwenye duka la samaki muuzaji alimuuliza, "Ndugu Bado, nikuwekee na pilipili?" Alijaribu kumuuzia mtu bima ya paa, yule mtu akamtazama kwa huruma, akasema, "Malizana kwanza na Mungu, ndipo uje kwangu." Kusini mwa Memphis mtu mwenye ahadi wazi hauzi hata kiberiti.

Akaanza kubisha hodi. Alianza kwa hasira, mlango kwa mlango, suti ya karameli katika joto la Julai linaloyeyusha lami. Na hapo, nisimdhulumu, alikuwa bingwa. Mama aliyemfungulia ili amfukuze alijikuta amemkaribisha chai ya barafu na kumweleza jinsi binti yake anavyosinzia hesabu zikianza. Lucius aliyaandika yote kama yalivyo. Aligundua kwamba ukweli, ukisemwa na mtaalamu wa uongo, unauzika haraka ajabu, na hauchoshi, kwa sababu huhitaji kukumbuka ulimwambia nani nini. Ilimsikitisha sana.

Ni kweli pia kwamba njiani alijipatia chochote kitu. Alinong'ona kwenye milango fulani kwamba nafasi za shule zina foleni, na kwamba yeye anaijua foleni hiyo. Sheria inasema wakizidi watoto inapigwa kura ya bahati, hakuna foleni wala mkia wake. Lakini wapo wajinga waliompelekea keki na nyama ili wawe mbele. Sitawataja. Mtu mzima anayetoa chakula ili apate kitu kinachogawiwa bure ana adhabu yake tosha.

Andiko likanona. Lilibaki shimo moja tu: kodi. Kila Lucius akiiingiza kodi aliyoitaka Shemasi, bajeti ilianguka kifudifudi, na wamama walikuwa wameshajifunza kusoma bajeti kama wanavyosoma sura ya mtu aliyechelewa ibada. Akamwendea Shemasi.

"Andika barua kwamba unatoa jengo kwa dola moja kwa mwaka."

Shemasi akakohoa mpaka akashika ukuta.

"Ya kuonekana tu," Lucius akasema. "Wakaguzi wa bodi ya elimu wakiona jengo la bure wanalainika. Mkataba ukitoka, tunakaa na hawa wamama, tunarekebisha. Wamama wenyewe si unawajua, wa kutikisa kichwa."

Shemasi akaandika. Kikaoni Mama Earlene aliisoma barua ile mara mbili, akaikunja, akapangusa jicho.

"Shemasi, jambo kubwa namna hii lisiishie huku chini kwenye kuku. Jumapili utasimama uliseme."

"Mama, mimi si mtu wa kujionyesha."

"Tutakusaidia kusimama."

Jumapili glovu mbili zikamshika makwapa ya kulia na kushoto. Akasema dola moja, kwa muda wote wa mkataba, kwa sauti ya mtu anayetaja dalili zake kwa daktari. Kanisa likaitikia amina hadi taa zikatikisika. Lucius, kiti cha nyuma, akapiga hesabu ya theluthi ya dola moja.

Alimsubiri Mama Earlene mlangoni.

"Mama, ulinijua lini?"

"Tangu makaburi. Uliyemuuzia kivuli ni dada yangu."

"Ukanyamaza?"

"Mwanangu, mtaa mzima ulikuwa unahitaji mtu wa kubisha hodi kila mlango bila kuona haya. Sisi wengine tuna haya."

Siku ya mahojiano kwenye bodi ya elimu, wamama waliingia peke yao. Wakaguzi hawataki mwandishi, wanataka wenye shule. Lucius alibaki koridoni. Nilimwona kwa macho yangu akitembea huku na huko, midomo ikimchezacheza, akijibu maswali ambayo hakuulizwa. Sauti ya Mama Earlene iliposikika ikisema, "Wakija nusu tu, bwana, tumeandika ukurasa wa arobaini," Lucius alikaa chini kwenye sakafu na suti yake yote.

Mkataba ulitoka. Wakaguzi walisema ni andiko lenye nguvu, na hasa walisifu sauti za wazazi. Jumapili ile Lucius alikuja amechana nywele, tayari kwa kufunguliwa. Dada Vernice akasimama. "Ndugu Lucius Broadnax. Andiko la shule, bure, mpaka watoto waingie darasani." Akatazama juu ya miwani. "Watoto hawajaingia. Bado."

Kwa hiyo alipaka ukumbi rangi. Alibeba madawati, alihamisha matairi. Agosti ya mwaka uliofuata, mstari wa kwanza wa watoto ulipoingia kwa miguu, mabegi yakiwapiga matakoni, viganja vya Lucius vilikuwa na sugu. Dada Vernice alisema, "Imetimia," na kesho yake Lucius hakuonekana. Alichoondoka nacho ni nakala ya andiko na keki nzima. Tunasikia yuko Birmingham, amekaa kwa kinyozi karibu na shemasi mwenye ghala tupu. Wahudumu wa milango wa kule walimpigia simu Mama Earlene kumuulizia tabia. Aliwajibu neno moja tu la ushauri: "Mpeni nafasi ashuhudie."

Kisa hiki nilikisoma kwa sauti ukumbi wa chini, baada ya chakula, nikijua nimekipika vizuri. Watu walicheka panapostahili. Hata Shemasi Tubbs alicheka, kwa uchungu. Dada Vernice peke yake hakucheka. Alivua miwani, akaifuta kwa kitambaa cha meza.

"Kizuri," akasema. "Ila pale kwenye wajinga wa foleni umesema hutawataja."

"Ni heshima tu, Dada."

"Nilikuwa barazani kwangu siku ile. Niliona mtu akimshukia Lucius na sinia la mbavu za kuchoma, mbavu nzima nzima, mchuzi unadondoka njia nzima. Nikamsikia akisema, mtoto wangu awe wa kwanza, kaka, usinisahau." Akairudisha miwani puani, akanitazama. "Huyo mtoto ni yupi? Maana hata mchumba hujatuletea."

Nikaomba nipitishiwe maharage.