Malalamiko Kuhusu Gita la Mjomba Lililoambiwa Limelala

Kwa Kiongozi wa Bendi,
Ukumbi wa Hoteli.

Ndugu Kiongozi (ambaye nyumbani nakuita Shemeji, lakini leo nakuandikia kikazi, kwa hiyo barua hii usimpe dada aisome),

Kwanza nijitambulishe upya, maana naona umenisahau. Mimi ndiye mwenye masikio bora kuliko yote mjini hapa. Nikiwa kitandani nasikia friji ya jirani ikinguruma na najua kama mlango wake haukufungwa vizuri. Shule niliiacha kidato cha pili, au yenyewe ndiyo iliyoniacha, hatujakubaliana hadi leo. Kwa fundi redio ninakojifunza kazi, wateja huniuliza mimi kwanza, fundi akiwa hayupo.

Nimesikitishwa sana na ulichofanya Jumamosi. Wahudumu wakipanga viti, bendi nzima ikisikia, ulimwambia Mjomba wangu, mpiga gita wako tangu bendi ianze: "Mzee, gita limelala. Mwezi ujao kinanda kitatosha, kina kitufe cha gita." Mjomba alikunja waya wake taratibu kama kawaida yake, akaenda nyumbani. Kwa hiyo nalalamika kama ifuatavyo:

1. Nguzo. Tangu hoteli iwaajiri, Mjomba anapigia nyuma ya nguzo. Wateja wanachokiona ni kiwiko. Kuna mama mmoja alimpongeza mpiga kinanda kwa gita zuri, na mpiga kinanda akasema asante.

2. Unaongea. Katika hizi nyimbo zenu za roki laini, ikifika zamu ya Mjomba ndipo wewe unapokumbuka kukaribisha wageni, kutaja waliozaliwa siku hiyo, na kutangaza gari lililoziba njia. Sasa nikueleze unachokikosa. Wapiga gita wengine wanamwaga noti kama mtu aliyepasukiwa na mfuko wa maharage. Mjomba anapiga moja. Anauvuta uzi kidogo, kama mtu anayefunga mlango asimwamshe mtoto, halafu anaiacha noti ijiendee. Na sauti yenyewe ya lile gita la umeme! Mwanzoni safi kama glasi iliyooshwa, mwishoni ina mkwaruzo mdogo, kama mtu aliyemaliza kulia na sasa ameanza kucheka. Watu wanaacha kutafuna bila kujua kwa nini. Lile gari lingeweza kusubiri.

3. Mapazia mapya ya ukumbi ni mazito mno, yanameza sauti. Yaondolewe.

4. Zulia pia.

5. Masikio yako. Nasema haya kwa heshima zote anazostahili mume wa dada. Mtu anayesimama kila wiki mbele ya spika zinazopaza sauti yake mwenyewe, atamsikia nani mwingine? Naomba yapimwe. Ikishindikana nitayapima mwenyewe, tochi ninayo.

6. Kama kitufe kinaweza kupiga gita, kwenye kinanda hicho hicho kipo kitufe cha waimbaji. Nimekibonyeza. Hakikosi maneno wala hakichelewi mazoezini. Napendekeza wewe ndiye upumzishwe, Mjomba aje mbele, na nguzo ibomolewe. Kuhusu ghorofa inayobebwa na nguzo hiyo, hoteli itajua la kufanya.

Nategemea majibu kwa maandishi, si kwa kumtuma dada wakati tunakula.

Nisalimie bendi yote, wahudumu, na mlinzi wa getini. Dada mwambie shati nimelipata. Mpiga kinanda naye msalimie, ila kwa kifupi.

Wako mtiifu, kwa kiasi,
Fundi Mtarajiwa.

Nyongeza: Shemeji, nguzo usiibomoe. Mapazia nayo yaache. Jumamosi gita lilikuwa limelala kweli, na haya masikio yangu bora yalisikia kabla yako, wimbo wa kwanza tu. Wiki ile, kabla ya Jumamosi, Mjomba alileta amplifaya yake, lile sanduku la kupazia sauti ya gita, kwetu kwa fundi ibadilishwe waya wa umeme, basi. Nilipoifungua nikakuta karatasi ya spika imechanika. Nikaona aibu, mtu kama yule anapigia kitu kilichochanika, nikamwekea spika mpya bila kumwambia, iwe zawadi. Kumbe ule mkwaruzo ulikuwa unakaa kwenye ule mpasuko. Fundi hajui. Mjomba hajui. Tangu Jumamosi, jioni anakaa na beseni la maji ya moto, analoweka vidole, anavikunja na kuvikunjua, na jana alimwambia mama, "Labda ni uzee."

Spika ya zamani ninayo, nimeiviringisha kwenye sweta langu la shule. Naomba uniachie ufunguo wa ukumbi, amplifaya iliko, Jumamosi asubuhi niirudishe kabla hajafika. Nilichofanya nitamwambia mwenyewe, ila kwanza apige wimbo mmoja, ajisikie. Na wewe wakati huo, tafadhali, usitangaze gari la mtu.