Kuhusu Chumba cha Kufulia Kinachofuata Saa za Helsinki

Norrtälje, Alhamisi, 12 Machi

Kwa Ndugu Torgny Sandelin,
Mwenyekiti wa Ushirika wa Nyumba Yetu

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na kiuno chako kimepata nafuu. Naandika kwa sababu Jumanne ijayo kamati itajadili kama niendelee kuitunza kompyuta ya chumba cha kufulia, nami mbele ya watu watano husahau hata jina langu. Kwenye karatasi huwa nalikumbuka.

Kama ujuavyo, kompyuta ile ndiyo humfungulia mlango mwenye zamu na kumwashia mashine. Wiki tatu sasa inakwenda mbele kwa saa moja. Jumamosi iliyopita Bi Gunvor wa ghorofa ya tatu, mwenye zamu ya saa mbili hadi saa nne asubuhi, alikatiwa umeme saa tatu kamili, mashuka yake yamejaa povu. Alipanda hadi kwetu na aproni imelowa, akaniambia, "Ylva mwanangu, mimi nimefua humu tangu mama yako hajaota meno. Sijawahi kufukuzwa na saa." Mama alimkaribisha kahawa. Mimi nilikuwa nimeshajificha nyuma ya makoti.

Kosa lenyewe ni hili. Kila programu inapoamka ndani ya kompyuta, mfumo huikabidhi orodha ya mambo ya kuamini bila kuuliza: lugha ya hapa ni hii, mafaili yanakaa pale, saa ni za mji fulani. Mambo hayo huitwa vigeu vya mazingira. Kigeu chetu cha saa kinasema Helsinki, na Helsinki wametutangulia kwa saa moja. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nimekirekebisha mara tatu. Kila mara nilifungua dirisha la amri kwenye skrini, nikaandika Stockholm, nikauliza ni saa ngapi, nikajibiwa sawasawa. Nikafunga dirisha nikaenda zangu. Kila mara nilikuta Helsinki imerudi. Kwa hiyo kuna mtu anapita nyuma yangu na kufuta.

2. Sipendi kumtaja mtu. Lakini Mzee Henning Brask wa ghorofa ya pili alikuwa fundi mitambo kwenye feri ya Finland miaka thelathini na moja, na mpaka leo hajairudisha nyuma saa yake ya mkononi. Zamu yake inaanza saa nne, naye miaka yote hufika saa tatu, hukaa kwenye kiti cha korido na kusema hana haraka. Katika jengo zima ni yeye tu anayepatana na kompyuta. Tena yeye na Bi Gunvor hawasemeshani tangu nilipokuwa darasa la pili, kwa ajili ya nyuzi za taulo zilizoachwa kwenye chujio la mashine ya kukaushia. Nilipomuuliza kama ameigusa kompyuta alisema, "Binti, mimi nagusa injini. Hiyo televisheni yenu siijui." Ni jibu la mtu aliyejiandaa.

3. Hata kama si yeye, kigeu hiki kina mamlaka kuliko kamati. Ninyi kubadilisha rangi ya ngazi mlihitaji mikutano minne. Chenyewe kimebadilisha saa za kaya kumi na nane kwa neno moja. Naomba basi kigombee kwenye mkutano mkuu kama wengine, jina lake libandikwe kwenye ubao wa wakazi, na siku ya usafi wa majira ya kuchipua kipewe reki.

4. Kikishinda, jengo lote lihamie Helsinki. Lori la taka tutalisubiri. Mkesha wa Mwaka Mpya tutarusha fataki peke yetu, na mji mzima utajua kwamba sisi ni watu wa msimamo.

5. Vikaratasi vya hasira mlangoni vimefika kumi na kimoja. Kimoja kinasema, "Anayeelewa kompyuta aelewe pia soksi zangu zilizofungiwa ndani." Kingine kina neno moja tu: "Ylva?" Hicho ndicho kinachoniuma. Kompyuta ile ndiyo kazi pekee niliyowahi kuombwa na watu wa jengo hili. Naomba nisinyang'anywe.

Nisalimie mama wa nyumbani kwako, paka wenu, na wanakamati wote, hata yule aliyependekeza turudi kwenye daftari na penseli.

Wako kwa heshima,
Ylva Norrby
Ghorofa ya nne, mlango wa kushoto

Tanbihi, Jumamosi. Barua ilikuwa bado mkobani. Jana mwalimu wangu alinieleza kwamba kigeu kilichoandikwa dirishani huishi na kufa na dirisha hilo. Programu ya mlango ilikuwa imeshaamka na orodha yake, haikusikia neno langu hata moja. La kudumu huandikwa kwenye faili linalosomwa kompyuta inapowaka. Nimelifungua. Helsinki imo, na tarehe ya Februari, na jina langu. Niliunakili mstari huo kutoka kwenye maelekezo ya Mfini mmoja bila kuusoma. Tafadhali futa namba ya kwanza hadi ya nne.

Leo saa tatu nimeshuka kurekebisha na kumwomba Mzee Henning msamaha. Umeme ulikuwa umeshamkatikia Bi Gunvor, na mlango umeshamfungulia Mzee. Walikuwa wameshika shuka, huyu ncha hii na huyu ile, wanalikamua. "Vuta, fundi, hiyo si kamba ya feri," anasema Bi Gunvor. "Navuta, bibi, wewe ndiye umelegea." Waliponiona na kibodi yangu wakaacha kukamua. Kisha Mzee akanionyesha kiti cha korido. "Kaa hapo, binti. Hatuna haraka."

Ndipo nilipo. Nimeshajua namna ya kuiandika saa kwenye faili: siku sita Stockholm, Jumamosi asubuhi Helsinki. Ni mistari miwili. Nasubiri idhini ya kamati.