Bei ya Hisa Zangu

Jumatatu, 3 Machi
Tangazo kiwandani: keshokutwa anakuja mthamini kupanga bei mpya ya hisa zetu wafanyakazi. Mimi nastaafu mwisho wa mwezi, na kanuni inasema kampuni hununua hisa za anayeondoka. Bei ikiwa nzuri, mke wangu anapata kibanda cha cherehani alichokwisha kukitolea arubuni. Ikidumaa, tunakosa kibanda na arubuni. Basi bei itapanda. Nitaisukuma.

Jumanne, 4 Machi
Magodoro mabovu yote nimeyavika nailoni mpya, nikayapanga mbele ghalani. Mgongo hoi. Mtunza ghala, tunayemwita Kufuli kwa kuwa hacheki, akasema mchuma janga hula na wa kwao. Wivu tu.

Jumatano, 5 Machi
Mthamini, mama wa miwani minene, kaja. Shemeji yangu akapita getini na lori lake tena na tena kama mnunuzi, kila safari kofia tofauti. Mama akaandika kila lori.

Ijumaa, 7 Machi
Bei maradufu! Nikawasimulia wazee wenzangu nilivyofanya. Mdomo haukufungika. Kufika jioni nusu yao wameandika barua za kuacha kazi, wauze hisa bei ingali moto. Hata bawabu.

Jumatatu, 10 Machi
Wakili wa mfuko wa hisa, ule ambao kampuni hununulia hisa zetu, katuita. Kwa bei hiyo, na kwa wingi wetu, mfuko hauwezi kutulipa kwa mkupuo. Sheria inauruhusu kulipa kwa awamu, miaka mitano. Nikauliza kama bei inaweza kushuka kidogo. Akafunga jalada lake. Bawabu ndiye aliyenigeukia: "Ndugu yangu, umetupandisha mtini, kisha ukaondoa ngazi."
Nikamwambia nami niko huko huko juu.

Jumanne, 11 Machi
Mke wangu hakugomba. Afadhali angegomba. Alikata uzi kwa meno, akauliza: "Baba, awamu ya kwanza inatosha nini?"
Komeo la mlango, nikasema. Mwenye kibanda keshampa mwingine.

Alhamisi, 13 Machi
Bawabu ana dhiki, anataka fedha sasa. Nimempa wazo: aniachie haki yake kwa nusu bei, mimi ndiye nitakayesubiri awamu zake. Faida tupu. Nitawafuata na wengine.
Akauliza nitamlipa lini.
Nikamtuliza. Kidogo kidogo, miaka mitano tu.