Mzee Mstaafu na Viazi vya Dukani

Alhamisi, 2 Oktoba

Msiri wangu, gazeti limetoka! Ukurasa wa tano, kona ya chini, pale pale pangu. Jina siyo langu, ni "Mzee Mstaafu". Mji mzima unaamini ni mwalimu mkongwe mwenye mvi na paka. Kumbe ni mimi, Dell Pruska, miaka ishirini na tatu, fundi matairi, nalala chumba cha chini kwa Shangazi Verna. Wanaojua ni wawili, mimi na mhariri, Bwana Haglund. Wewe wa tatu.

Wiki hii nimewachapa matajiri wa ziwani. Nimesema furaha haikai kwenye nyumba yenye gati na boti mbili. Inakaa huku kwetu, upande wa reli, kwa watu wanaojipikia. Kisha nikapigilia msumari. Yupo mama mmoja wa ziwani, nikasema, kila karamu ya kanisa ananunua viazi vya jibini vilivyookwa dukani, anavihamishia kwenye bakuli lake la kioo, anavibabua juu vionekane vya nyumbani, halafu anapokea sifa. Anayedanganya kwa viazi atashindwa kudanganya kwa lipi? Sentensi tamu! Nimeisoma mara kumi na moja.

Na siyo uzushi. Mimi ndiye hutoa takataka za kanisa kila Jumapili. Trei za dukani nimeziona, chini kabisa ya pipa, zimeviringishwa kwenye gazeti. Gazeti letu! Za nani, sijui. Ila ni wa ziwani tu. Nani mwingine?

Ijumaa, 3 Oktoba

Haglund kapiga simu. Sauti imemkauka. Kasema wamekuja akina mama saba ofisini, kila mmoja kwa wakati wake, kila mmoja analia kwamba ameandikwa yeye. Saba! Nikauliza wangapi wa ziwani. Wawili. Watano wa upande wa reli.

Nikakaa juu ya tairi.

Kuna la kutisha zaidi. Bi Marlys Tollefson naye alikuja, yule wa nyumba kubwa kuliko zote ziwani, mwenyekiti wa kamati ya jiko la kanisa. Huyo hakulia. Alisema atampata huyo Mzee, na anajua pa kuanzia, maana ni mtu anayechungulia mapipa. Nikamuuliza Haglund, mapipa yapi? Akasema acha utoto, Dell.

Nimefunga mlango kwa komeo.

Jumamosi, 4 Oktoba

Lazima nikueleze kuhusu Shangazi. Ndiye mshika funguo za jiko la kanisa, mwaka wa kumi na tisa huu. Mjane, hana mtoto, hana boti. Ana zile funguo. Anazivaa shingoni hata akienda kununua maziwa.

Leo karudi na habari. Bi Marlys kauliza nani hutoa takataka. Shangazi kajibu kwa fahari, kwa jina langu refu, ni Delbert wangu, mtoto mwema huyo hujapata kuona. Asante Shangazi! Umenizika!

Nimezunguka chumba mara hamsini. Kisha, paap! Nimepata! Nani atamshuku mtu anayefanya dhambi ile ile kuwa ndiye Mzee Mstaafu? Kesho ni karamu ya mavuno. Napeleka viazi vya dukani, navibabua juu. Wakinikamata nalia kidogo, naonekana nami nimeumizwa na Mzee. Akili gani hii! Bakuli nimelitoa kabatini kwa Shangazi, la nyuma kabisa, hatajua.

Jumapili, 5 Oktoba

Nimekwisha.

Mabakuli thelathini mezani, na viazi hakuna anayevigusa. Watu wanaogopa kuvichukua, wanaogopa kuonekana hawavichukui. Kila mama anapayuka jinsi alivyomenya. Mmoja kavaa plasta vidole vitatu, anamwonyesha kila mtu, tazama mwenzangu, kisu hiki, na mgongo ndiyo usiseme!

Bi Marlys akapita na kijiko, anaonja bakuli moja moja kama daktari wa wodi. Kwangu akasimama. Akatafuna. Akatangaza kwamba hivi ni vya dukani, vya trei ya bluu. Mtu nyuma akauliza, we Marlys, rangi ya trei umeijuaje? Kicheko! Bi Marlys akawa mwekundu mpaka masikioni, na kwa hasira akalinyanyua bakuli juu, achungulie chini.

Msiri wangu, kila mwanamke wa mji huu anabandika selotepu yenye jina lake chini ya bakuli, ili limrudie baada ya karamu. Mimi nimekula karamu hizo tangu sina meno, sijawahi kuosha bakuli hata moja. Ningejuaje?

VERNA PRUSKA. Kalamu nyeusi. Herufi kubwa.

Shangazi akaniangalia. Nilikuwa narudi nyuma kuelekea mlangoni, uma mkononi. Akaelewa. Akasema tu ndiyo, bakuli ni langu. Mdomo wangu ukafunguka nikiri.

Nikautia mkate.

Jumanne, 7 Oktoba

Wamemnyang'anya funguo. Bi Marlys kamwambia pole mpenzi, siyo mimi, ni maadili. Na wale wa upande wa reli, wenye trei zao, wakanyoosha mikono kuunga mkono!

Shangazi hajanigombeza. Kasema siku nyingine nikitaka kuchangia chakula nimwambie, atanifundisha kumenya. Anadhani nilitaka kuchangia! Anajipapasa shingoni kila dakika, hakuna kitu.

Haglund kaniambia niandike ukweli wote, na jina langu chini. Shangazi arudishiwe funguo zake. La sivyo ukurasa wa tano anaweka matokeo ya mashindano ya kuvua samaki. Nikamwambia nikijitaja wale akina mama watanimenya mimi. Akasema angalau kiazi hicho kimoja kitakuwa kimemenywa kwa mkono.

Mlango ukigongwa najificha nyuma ya mashine ya kufulia. Leo nimejificha mara nne. Mara zote alikuwa mtu wa barua.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimeandika ungamo. Nimelichana. Nimeandika tena. Jina langu likifika chini, mkono unaganda. Kweli kabisa, unaganda!

Halafu nimepata njia nyingine. Nimempelekea Haglund dakika ya mwisho, mtambo wa kuchapa unanguruma. Kasoma mstari wa kwanza, "Lazima niseme ukweli", akanikumbatia.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimemwokoa Shangazi! Na jina langu halijaguswa!

Mzee Mstaafu ameandika kwamba Bi Verna hana hatia hata chembe, aliyeleta lile bakuli anamjua, na Jumapili hii Mzee atakuja mwenyewe, kwa miguu yake miwili, asimame mbele ya kanisa amtaje. Saa nne asubuhi Bi Marlys kazirudisha funguo kwa mkono wake, na keki juu. Kauliza Mzee anakunywa chai au kahawa.

Haglund kapiga simu akipiga kelele, sikushika maneno yote. Kasema Jumapili atakaa benchi la mbele.

Shangazi anaimba jikoni. Kaniambia, anaona haya kama msichana, kwamba mwanaume mwenye moyo kama wa yule Mzee siyo wa kuishi na paka tu. Gauni la bluu liko kwenye kamba, linakauka.

Mungu wangu.

Lakini tulia, nimempata mtu wa kusimama kama Mzee Mstaafu! Mzee mmoja wa mji wa pili, muuza chambo, mvi tele, sauti nzito. Nimemwandikia hotuba kurasa sita juu ya ukweli. Kaipenda. Tatizo, kasema hawezi kudanganya ndani ya kanisa. Mwisho wa hotuba atamtaja aliyeiandika, na kama ndiye huyo huyo aliyeleta bakuli, shauri yake. Nikamwambia hakuna shida, mzee wangu, hotuba na bakuli vyote ni kazi ya Haglund, mimi ni mjumbe tu. Kaniamini! Kwa hiyo hatadanganya, atasema anachokijua.

Mpango umekaa sawa kabisa. Wewe ungefanyaje?