Kusaga Bure Hadi Uchaguzi

Jumatatu, 4 Novemba

Mkutano wa kijiji. Upepo wa Ufipa unakata masikio. Yusto amesimama kabla yangu, na uso wake ule wa mtu anayepima chumvi ya jirani. Amesema akichaguliwa mwenyekiti, kijiji kitatumia kile kilicho nacho tu, na mashine yetu ya kusaga itanunuliwa mkanda mpya. Mkanda! Mtu mzima anaomba kura kwa mkanda! Aliyepiga makofi ni mkewe peke yake, na nadhani alikuwa anapasha mikono joto.

Zamu yangu. Nilikuwa na hotuba ya barabara. Nikaona nyuso zimelala. Miaka yote kwenye kiti hiki cha mwenyekiti, halafu nyuso zilale? Mdomo ukafunguka wenyewe. Nikatangaza kwamba kuanzia Alhamisi mashine ya kijiji inasaga bure. Kila mtu. Kila debe. Mpaka uchaguzi na baada yake!

Vigelegele. Kofia hewani. Mama mkwe wangu, Bibi Cornelia, ambaye tangu nimwoe binti yake huniita "huyo", ameniita "mkwe wangu" mbele ya umati.

Dizeli itatoka wapi, sijui. Hilo ni suala la kitaalamu. Kiongozi hutangaza, dizeli hufuata.

Ugali umenishinda.

Jumanne, 5 Novemba

Sumbawanga mjini, kwa Abdulnasir muuza dizeli na vipuri. Kijana mpole. Amenipa shikamoo, kahawa na kashata, na hapo ningepaswa kushtuka, maana mfanyabiashara hatoi kashata bure. Nikaomba dizeli ya kukopa. Akauliza kijiji hakina akiba ya mashine? Nikasema akiba ipo kwa namna nyingine. (Ilikwenda kwenye jezi za timu ya vijana. Timu imefungwa mechi zote, lakini imefungwa ikiwa imependeza.)

Akataka dhamana. Nikatazama mlango. Nikatazama kashata. Nikaweka mashine yenyewe.

Kwa utaratibu, mkopo wa kijiji hupitishwa na mkutano mkuu. Lakini mtendaji wetu amehamishwa, mpya hajafika, na muhuri uko kabatini kwangu chini ya soksi. Na mkutano mkuu ni nini? Ni watu. Watu wameshapiga vigelegele. Kigelegele ni azimio! Nikagonga muhuri.

Abdulnasir amesema, kwa adabu kabisa, "Mzee wangu, dizeli si mvua, haianguki." Nikamjibu kwamba nasoma magazeti tangu yeye hajazaliwa, na mataifa makubwa yote yana madeni. Asiyedaiwa ni nani? Kichaa na mtoto mchanga. Akasema tutaonana siku chache kabla ya uchaguzi. Nilidhani amesema baada. Nimekumbuka nikiwa njiani kurudi. Jasho, katika baridi hii!

Alhamisi, 7 Novemba

Ushindi! Foleni imetoka mashineni, imepita zahanati, imefika kwa katekista. Jina langu linaimbwa. Yusto amepita akiangalia chini.

Wasiwasi mdogo mmoja. Masunga, anayeendesha mashine, anasema mkanda unanuka moshi. Nikamwambia aache siasa za Yusto. Akasema, "Mwenyekiti, mkanda hauna chama."

Wasiwasi wa pili. Nusu ya magunia si mahindi. Ni kimea cha ulezi. Zamani kusaga kimea kuligharimu, kwa hiyo waliopika kimpumu, pombe yetu ya ulezi ya kunyonya kwa mrija, walikuwa wanawake wachache kijijini, mke wangu Kristiana akiwa wa kwanza wao. Leo kila nyumba imeleta kimea. Hata mwalimu wa dini.

Wa tatu. Kirikuu, kile kigari cha mizigo, kimekuja kutoka Malangali kimejaa magunia ya mfanyabiashara. Nikauliza huyu naye ni mwanakijiji? Mwenye gari akasema nilisema kila mtu. Kweli nilisema. Umati ukanitazama. Nikampa mkono, nikamkaribisha.

Jumapili, 10 Novemba

Baada ya misa, kimpumu kila uwanja. Vyungu vimepangwa kama mkutano wa kampeni, mirija imesimama, na wanywaji hawatoshi. Bei imeporomoka. Chungu cha Kristiana, ambacho kwa kawaida kabla ya saa sita watu wameshakizunguka, kimekaa peke yake kama mgonjwa.

Kristiana hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Ameniuliza, "Baba Edith, ada ya Edith inatoka wapi?" Ada ya binti yetu inatoka kwenye chungu kile. Sote tunajua. Nikamweleza kwamba uchumi una vipindi vya mpito. Akasema vipindi hivyo nikavipeleke shuleni, labda watavipokea dirishani.

Akanionyesha chungu. Akasema kimpumu ni ulezi. Ukimwagia maji ya moto mara ya kwanza, unapata pombe. Mara ya pili, pombe. Mara ya tatu unanyonya maji yenye kumbukumbu. Wanywaji wanajisifu kwamba chungu hakiishi, kumbe ulezi ulikwisha zamani. "Ndiyo serikali yako," akasema.

Mwanamke ana ulimi! Lakini nimepata jawabu. Serikali ya kijiji itanunua vyungu vyake vyote na kuwagawia wanaosubiri foleni. Atalipwa baadaye. Nimemwahidi kama mwenyekiti, si kama mume. Amesema kama mume angeniamini kidogo zaidi, na hata hapo ni kidogo.

Jumanne, 12 Novemba

Dizeli imekwisha! Ile ya mwezi mzima! Watu wa Ilemba wamepanda mlima na mahindi yao. Ilemba! Wana mashine zao kule chini bondeni. Nimemuuliza mmoja kwa nini ajichoshe hivyo. Akasema bure haichoshi.

Abdulnasir anasema haongezi lita moja mpaka nipunguze deni. Nikisimamisha kusaga leo, nimekufa kisiasa. Nikiendelea? Nitakufa wiki ijayo. Nimechagua wiki ijayo.

Nimesikia kuna mwanamama mmoja mjini, Shamimu, anakopesha wakulima. Kofia ya heshima, suruali ya misa, nikaenda. Mama mwenye tabasamu na maswali machache. Alitaka dhamana inayotembea. Nikaweka maksai wawili wanaolala zizini kwangu. Kwa fedha yake nikapunguza deni la Abdulnasir, na Abdulnasir akafungua pipa. Mduara mzuri! Fedha inatembea, kila mtu anaridhika.

Jambo moja dogo. Maksai si wangu. Ni wa Bibi Cornelia. Wanalala kwangu tu kwa sababu zizi lake lilibomoka. Lakini hajawahi kuuliza wako wapi, kwa kuwa wapo. Na wataendelea kuwapo, mradi nilipe kabla mvua haijaanza na watu hawajaanza kulima.

Nimetazama angani. Mawingu upande wa magharibi. Si mengi.

Ijumaa, 15 Novemba

Yusto amesimama kwenye foleni na kuuliza kwa sauti bure hii inalipwa na nani. Wamemzomea vibaya. Mzee mmoja amemwambia, "Wewe Yusto hata jua likichomoza utauliza limekopwa wapi!" Nilicheka mpaka nikakohoa.

Halafu nikamwona mkewe Yusto, nyuma kabisa, na magunia yake. Nikamnyooshea kidole. Nikasema adui wa bure naye anasaga bure! Mama yule hakuona haya. Akajibu kwamba kama deni ni la wote, na yeye atalilipa, basi atasaga. Watu wakacheka. Sijui walikuwa wanamcheka nani.

Bibi Cornelia akanivuta pembeni. Akauliza lile swali la Yusto, ila polepole na kwa Kifipa, na ndiyo maana liliniuma zaidi. Nikamwambia serikali ndiyo inalipa. Akauliza serikali ni nani. Nikasema ni sisi. Akasema maksai wake wamenenepa, mvua ikianza ataanza na shamba la mtoni.

Nimemwona Abdulnasir kwenye ndoto. Alikuwa anasaga soksi zangu.

Jumatatu, 18 Novemba

Mkanda umekatika. Umeruka, umempiga Masunga begani, umetoboa bati. Masunga, huku akijisugua, amesema ule mkanda hatimaye umejiunga na chama.

Na kwa siku kadhaa, kumbe, chekeche la mashine lilikuwa limechanika. Unga una chenga kama mchanga. Kijiji kizima kilikuwa kinatafuna ugali kimya kimya kwa sababu ni wa bure. Leo hakiko kimya. Wamenizunguka. Haki yetu! wanasema. Siku kumi na moja tu, na imeshakuwa haki! Mmoja amesema Zenon umetuzoesha vibaya, mwingine kwamba nirudishe meno yake.

Ningeweza kusema ukweli. Ulikuja mpaka kooni. Badala yake nikasikia sauti yangu ikiahidi mashine mpya. Kubwa zaidi. Mbili!

Vigelegele.

Niko hoi.

Jumatano, 20 Novemba

Mvua. Ya kwanza. Nzito, ya heri, harufu ya udongo inaingia hadi moyoni. Kila mtu kijijini ametoka nje akiimba, isipokuwa mimi niliyeingia kwenye kihenge.

Niliingia baada ya kuona fuso likipanda kilima. Juu yake Abdulnasir. Kando yake, chini ya mwavuli uleule, Shamimu. Wananong'onezana. Wanafanana pua! Ni dada yake! Nimekopa kwa dada nikamlipe kaka! Ile fedha imevuka meza ya sebule moja ikarudi, na mimi nimelipia riba ya safari yake.

Kihenge kiko tupu. Kristiana aliuza mahindi ya mwisho kulipa ada, maana vyungu vyake "vya serikali" bado serikali haijavilipa. Kwa hiyo nilikaa raha, nikisikiliza kupitia ufa.

Vijana wa fuso wakaanza kufungua mashine. Wanawake wakaikalia. Kweli, waliikalia, mvua inawanyea, Bibi Cornelia juu kabisa ameshika tangi la maji la injini. Akauliza huko kusaga kwingine ni wapi. Mtu akamjibu ni ng'ambo ya mto, na mto ukijaa ni Sumbawanga. Akasema basi wambebe na yeye na mashine, auzwe mjini, maana kichwa chake hakiwezi tena debe.

Hapo Shamimu akasema yeye amefuata maksai tu. Akawataja rangi. Mmoja mweusi, mmoja ana doa kwenye paji.

Nilisikia mvua ikigonga majani ya paa la kihenge. Kisha Bibi Cornelia akashuka kwenye mashine. Hakutukana. Aliuliza tu, "Yuko wapi huyo?"

Huyo. Nimerudi kuwa huyo.

Kristiana akaja akagonga kihenge kwa mwiko. Akasema, bila kuinua sauti, kwamba panya atoke, wageni wanamsubiri. Nikatoka na makapi kichwani. Watu wote, na mvua.

Aliyezungumza ni Yusto, potelea mbali. Wamekubaliana hivi. Mashine inabaki, na Abdulnasir ataitia mkanda na chekeche kwa deni hilohilo. Kijiji kitasaga kwa bei mara mbili ya ile ya zamani mpaka Abdulnasir alipwe, na hiyo ni misimu miwili, pengine mitatu. Maksai watalima mashamba ya Shamimu kwanza, mvua hii yote. Kwa Bibi Cornelia watafika udongo ukiwa umeshakuwa mgumu. Atalima kwa jembe la mkono. Umri wake!

Nilimtazama. Hakunitazama.

Muhuri wameuchukua. Na soksi moja, kwa bahati mbaya.

Alhamisi, 28 Novemba

Yusto ameshinda jana. Mimi nimepata kura chache, na mojawapo nina shaka kama niliipiga vizuri. Asubuhi nimelima kwa Bibi Cornelia, kwa amri ya Kristiana. Nimekata mistari mitatu na mgongo. Kizee kililima mbele yangu. Karaha moyoni. Kwa muda, pale shambani, niliona kabisa nilichofanya. Nikaapa sikopi tena.

Jioni nimepita mashineni. Foleni fupi. Mama mmoja analipa ile bei mpya, anahesabu kwa uchungu. Nikainamisha kofia nisionekane. Akasema, nimemsikia kwa masikio yangu, "Huyu Yusto ametuletea bei gani hii? Wakati wa Zenon tulisaga bure!"

Mwenzake akaitikia. Na wa tatu! Siku moja tu baada ya uchaguzi!

Nimerudi nyumbani karibu nakimbia. Nimemwambia Kristiana kwamba kule Kirando, ziwani, kuna matajiri wa dagaa wasiomjua Abdulnasir wala dada yake. Mkopo mmoja tu wa kufuta mkopo ule. Halafu kusaga bure. Na kukoboa bure!

Kristiana alikuwa amekaa kando ya chungu chake, ananyonya mrija mtupu. Akasema ulezi ndani umekwisha, hakuna kitu tena mle.

Nikamwambia aongeze maji ya moto. Maji ni bure.