Mahali Pakavu pa Kuficha Gauni

Jumatatu, 9 Septemba

Kimbunga kinakuja! Redio imesema kiko baharini, mbali bado, lakini huenda kikatufikia Alhamisi. Nimebandika ramani ukutani jikoni na kuchomeka pini nyekundu mahali kilipo. Mwalimu wa jiografia alitufundisha kwamba anayefuatilia hali ya hewa hashtukizwi.

Baba amemteua kaka yangu kusimamia maandalizi, eti kwa kuwa ndiye mkubwa. Mkubwa wa miguu, labda. Tangu saa ile anajiita Kamanda. Mimi nimepewa kazi ya kutafuta mishumaa. Sikulalamika. Nimenuna tu, kwa adabu.

Jumanne, 10 Septemba

Pini imesogea. Kamanda anapigilia mbao madirishani. Nyumba imekuwa giza kama ndani ya kabati. Nilimshauri aanzie upande unakotoka upepo. Akanijibu kwamba washauri wakae na mishumaa yao.

Mama hataki habari za kimbunga. Anashona gauni la jirani yetu muuguzi, anayeolewa Jumamosi, kimbunga kitake kisitake. Gauni jeupe pe! Cherehani inalia kutwa. Mama anasema bati likiruka atanunua jingine, lakini gauni hilo likiguswa na maji, uso wake atauweka wapi?

Nimeshindwa kula. Nawaza.

Jumatano, 11 Septemba

Gauni limekwisha. Mama alinikabidhi pamoja na cherehani yake ya mkono. Akaniambia, "Tafuta mahali pakavu, mwanangu. Nakuamini wewe."

Mimi! Si Kamanda.

Nimezunguka nyumba nzima. Kabatini? Paa huvuja pale juu. Chini ya kitanda? Maji hupita chini ya mlango. Chumbani kwa Kamanda? Afadhali kimbunga. Kisha nikaliona tangi jipya la uani, lile la plastiki alilonunua Baba, ambalo halijatiwa hata tone la maji. Nikafikiri kwa utaratibu, kama tulivyofundishwa: chombo kisichotoa maji hakiingizi maji. Nikapanda kigoda. Nikashusha cherehani kwa kamba. Gauni nikalifunga ndani ya shuka langu jipya jekundu na kulilaza juu yake. Nikafunika.

Sijamwambia mtu. Mama atauliza baada ya kimbunga, mbele ya watu wote, na Kamanda awepo.

Mvua imeanza. Kimbunga kikichelewa nitaugua.

Alhamisi, 12 Septemba

Upepo! Mbao zinagonga. Sote tumejibanza jikoni. Sikuweza kuketi. Nilinyoosha pini, nikapanga mishumaa, nikanyoosha pini tena. Mwishowe nikaona nafasi yangu. Nikamweleza Baba, kwa masikitiko makubwa, kwamba redio imehimiza watu wahifadhi maji na Kamanda hajajaza hata ndoo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nikaongeza.

Kamanda hakuacha hata kunywa chai yake. Alisema ndoo ni za nini, wakati asubuhi alichomeka mpira wa maji kwenye tundu la juu la tangi jipya, na sasa limejaa hadi linamwagika.

Nikaomba ruhusa ya kutoka nje. Nikanyimwa, kwa usalama wangu. Mama akauliza mbona nimepauka. Nikasema ni kimbunga.

Ijumaa, 13 Septemba

Kimbunga kimegeuka! Kimerudi baharini. Hakuna hata bati lililong'oka. Kitu pekee kilichozama mjini humu ni gauni.

Tena si jeupe. Shuka langu limechuja rangi.

Mama aliinama akatazama ndani ya tangi kwa muda mrefu. Kisha akasema taratibu, "Kimbunga kimetuhurumia. Wewe je?"

Kamanda aliuliza kama cherehani imeshajua kuogelea. Baba ameifungua, ameikausha, ameitia mafuta. Sasa inakohoa kama kuku mwenye mafua. Mama hajanisemesha tangu asubuhi. Hilo ndilo linaloniuma.

Jumamosi, 14 Septemba

Muuguzi alikuja kulichukua gauni lake. Mama alilitoa akiwa ameinamisha kichwa, na samahani tayari mdomoni. Muuguzi aligeuza gauni huku na huku. Sasa lilikuwa na rangi ya waridi iliyofifia. Akasema kwamba kwa kweli nyeupe anaivaa kazini kila siku, na amechoka nayo. Akamkumbatia Mama!

Mama alinitazama. Hakutabasamu, ila aliniambia nikale.

Kwa hiyo wazo langu lilikuwa jema. Kasoro ilikuwa Kamanda.

Jumapili, 15 Septemba

Redio inasema kimbunga kingine kimeanza kujikusanya. Pini mpya! Na mgeni mmoja wa harusini ameagiza gauni la waridi ile ile. Kitambaa kimeletwa leo. Mama amesema safari hii atakilalia mwenyewe. Kitandani! Chini ya paa linalovuja!

Nimekiondoa kitandani alipojinyoosha kidogo mkekani baada ya chakula. Nimepata mahali ambapo maji hayawezi kuingia kabisa, hata Kamanda alete mpira. Pana mlango wa chuma unaofunga barabara. Hakuna atakayefikiria kutazama ndani ya oveni.

Kamanda naye, angalau, amepata kazi inayomfaa: kesho alfajiri ataoka mikate ya akiba.